Shajara ya Wimbo wa Kurudi Kusini: Mikindani, Septemba hadi Januari

Septemba, mwanzoni

Kazi inayoandikwa hapa ni ya kutunga wimbo mmoja, wa kama dakika 5, kuhusu mtu wa Kusini aliyekaa mbali na kwao na hatimaye akarudi. Watungaji ni kikundi chetu kidogo cha Mikindani, Mtwara: mpiga gitaa, wapiga ngoma wawili, kina mama wanaoitikia, na mimi ninayeandika maneno na kuitunza shajara hii. Nyimbo za kutamani kwetu ni nyingi mno, na nyingi kati yake hufanana: minazi, bahari, mama, machozi. Vitu hivyo vyote viko Mtwara na Lindi, nami navipenda kwa dhati, lakini vikitajwa tu kimoja baada ya kingine, mwimbaji wa Tanga au wa Mombasa anaweza kuuchukua wimbo huohuo, akabadilisha jina la mji, na asiwepo wa kugutuka. Sharti la kwanza tulilojiwekea ni hilo: wimbo huu usihamishike.

Tulichoanza nacho ni pepo. Aliyekulia pwani hii anajua kwamba kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kwamba kaskazi hushika mnamo Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Kwa watu wa Kusini jambo hili lina uzito wake wa pekee, ambao sijausikia ukiimbwa vya kutosha. Jahazi lililotoka Mikindani, Lindi au Kilwa kwenda Unguja lilisukumwa na kusi, na lilirejea kwa kaskazi. Maana yake ni kwamba upepo unaotoka kwetu ndio unaotuondoa, na upepo unaotoka ugenini ndio unaoturudisha. Tumekubaliana wimbo uanze na kusi na umalizike wakati wa kaskazi, hata kama msafiri wetu wa leo hupanda basi.

Septemba, katikati

Tumechagua umbo la beti fupi: mishororo miwili ya mizani 16, yaani silabi 16, kila mmoja ukigawanyika katika ukwapi, nusu ya kwanza, wa mizani 8 na utao, nusu ya pili, wa mizani 8, kisha kibwagizo kinachoimbwa na kina mama. Kijana wa gitaa alitaka maneno yasiyofungwa na vina, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za sasa, na hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa sababu vina vikilazimishwa hugeuka kelele. Nilichomjibu ni kwamba kina mama watakaoitikia wamezoea mizani tangu utotoni, katika qaswida na katika nyimbo za harusi, na mtu hushika upesi wimbo unaopumua pale alipozoea kupumua.

Ubeti wa kwanza uko hivi:

Pepo za kusi zavuma, nikaaga nyumba yetu,
Nyuma nikamwacha mama, kizingitini pa kwetu.

Ni ubeti mwepesi, nami sitaki uwe mzito. Anayeondoka mara nyingi hajui anachokiacha, na haingekuwa kweli kumpa huzuni ambayo bado haijamfikia.

Kibwagizo bado. Mpiga ngoma mkubwa alipendekeza methali, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa siku kadhaa ilionekana kwamba hakuna kinachoweza kuipita, kwa kuwa ni ya mabaharia na inazungumzia marejeo. Nimeikataa baada ya kuiimba mara nyingi peke yangu. Methali hiyo inatoa jibu kabla swali halijaulizwa: inamhakikishia msikilizaji kwamba aliyeondoka atarudi tu, na wimbo ukishampa uhakika huo katika ubeti wa kwanza hauna tena la kumsubirisha.

Septemba, mwishoni

Kibwagizo kimepatikana, na hakikutoka kwangu.

Bibi anayeongoza sauti za kina mama alinisikiliza nikieleza kwamba wimbo unahusu hamu ya aliye mbali. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, na sisi tuliobaki tunaimba nini?" Nilipokosa la kusema akaendelea: mtu akishuka kwenye gari na begi lake, kabla hajapewa maji ya kunywa, huulizwa kama amekuja kukaa au anapita tu. Akasema swali hilo ameuliza watoto wake, ameuliza wajukuu, na yeye mwenyewe aliwahi kuulizwa.

Hapohapo kazi yote ilibadilika. Nyimbo nyingi za kutamani nyumbani huimbwa na mtu mmoja aliye mbali, na nyumbani panakuwa picha isiyosema neno. Hapa kwetu nyumbani panasema, na panachosema kina ukali wake. Anayetamani kwao ana nusu ya jambo. Nusu ya pili wanayo waliobaki, ambao nao wameishi miaka yao bila yeye na wana haki ya kuuliza. Tangu sasa wimbo huu ni wa kuulizana na kujibizana, na kina mama hawataitikia kwa kurudia maneno ya mwimbaji. Watakuwa wao ndio wa nyumbani.

Nimeliweka swali la Bibi katika mizani:

Waja kukaa, wapita, mwanetu twakuuliza?

Neno "mwanetu" nimelipendelea kuliko "mwanangu" kwa sababu anayeuliza si mama mmoja. Ni mtaa mzima.

Oktoba, mwanzoni

Leo tumefanya kazi ya mapigo, na naiandika kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo kipande cha mizani 8 kikimalizika kwa neno la silabi mbili au zaidi, mkazo wake wa mwisho hauna budi kuwa kwenye mizani ya 7. Hilo lilikuwa wazi kwangu tangu mwanzo. Ambalo sikulitarajia ni jinsi mikazo mingine ilivyojipanga. Katika "Waja kukaa, wapita" mikazo iko kwenye mizani ya 1, ya 4 na ya 7, yaani kila baada ya silabi tatu. Katika "Pepo za kusi zavuma" ni vilevile kabisa: 1, 4 na 7. Ukwapi wa kwanza wa wimbo na ukwapi wa kibwagizo vina mwendo mmoja, na mwendo huo ni wa matatumatatu, ambao ndio mwendo wa ngoma ya mapigo 6. Mpiga ngoma hakuhitaji kuelezwa. Aliposikia maneno yakisomwa tu, mkono wake ulikwishaanza kupiga pale panapostahili.

Utao wa kibwagizo, "mwanetu twakuuliza", una mikazo kwenye mizani ya 2 na ya 7 tu. Kuna bonde refu katikati, na bonde hilo tumeamua kuliacha lilivyo: ngoma ndogo inanyamaza, sauti za kina mama zinavuka peke yake, na ngoma kubwa inawapokea kwenye silabi "li". Anayesikiliza huona kwamba swali limening'inia kidogo kabla ya kutua.

Kuhusu sauti yenyewe, wawili kati ya kina mama waliimba kwaya walipokuwa Masasi na wanasoma sol-fa, yaani noti za do, re, mi, bila shida, jambo ambalo limeturahisishia kuandika. Tumekubaliana kibwagizo kiishie kwenye so badala ya kurudi kwenye do. Sauti ikirudi kwenye do, sikio huridhika, na swali hili halipaswi kuliridhisha sikio.

Mwendo wa kuanzia ni mapigo 84 kwa dakika. Sindimba ilipendekezwa kwa ajili ya sehemu ya kufika, na kila mtu anaipenda, lakini ni ngoma inayotaka macho na viuno vya watu, nayo ingeyafunika maneno. Imewekwa kando.

Oktoba, mwishoni

Korosho zimeanza kudondoka, na mazoezi yamepungua kwa sababu kina mama wako mashambani tangu alfajiri. Sioni kwamba muda huu umepotea. Msimu huu ndio wimbo wenyewe.

Korosho za huku huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu na Januari. Huuzwa kupitia vyama vya msingi na minada ya stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza mwaka 2007, na malipo yakishatoka, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa. Wapo wanaokuja kusaidia kuvuna. Wapo wanaokuja kwa sababu wamekumbuka mashamba ya wazazi wao hasa mwezi huu. Wengi wana sababu zote mbili moyoni kwa pamoja, na huo ndio ukweli ambao nyimbo haziugusi. Hamu ya nyumbani inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikaja na begi tupu la kurudi nalo limejaa. Ndiyo maana swali la Bibi lina upendo na lawama ndani yake, na ndiyo maana nimewaomba waitikiaji wasiliimbe kwa sauti ya kubembeleza wala ya kukaripia. Waliimbe kama wanavyouliza.

Ubeti wa ugenini nimeuweka Mbagala, Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko watu wetu wengi wanakofikia, na ndiko unakosikia lahaja za Kusini sokoni:

Mbagala nilikofika, wa kunijua hayupo,
Redio ikitamka Mtwara, moyo haupo.

Mshororo wa pili unakatika mahali pa ajabu, katikati ya "ikitamka" na "Mtwara". Mpiga gitaa alitaka niurekebishe. Nimeuacha makusudi, kwa sababu mwimbaji huvuta pumzi kati ya ukwapi na utao, na pumzi hiyo inakuja kabla tu ya jina la mji. Hivyo ndivyo inavyomtokea mtu aliye mbali.

Novemba, mwanzoni

Ubeti wa njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na majina ya vituo vyake watu wa Kusini wanayajua kwa mpangilio kama tasbihi. Nilitaka yaingie yote. Mizani haikuruhusu yote, ila imepokea haya:

Kibiti na Ikwiriri, Rufiji sasa i nyuma,
Mchinga yaja bahari, Lindi yanijia hima.

Rufiji imepewa nafasi yake kwa sababu ndiyo mpaka wa moyoni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikaza, njia ya Kusini iliweza kufungika na abiria wakalala njiani. Wazee katika kikundi chetu wanazungumza juu ya kuuvuka mto huo kwa sauti ambayo vijana hawana. Kwa kijana, Rufiji ni dakika chache za dirishani. Ukwapi na utao wa mshororo huo hubeba vizazi vyote viwili, na mwimbaji anapofika kwenye "sasa" tumemwomba alikawize neno hilo kidogo, kwa ajili ya wazee.

Limebaki jina la Nangurukuru. Lina silabi 5, na kila nilipolitia lilivunja kipande. Kuliacha haiwezekani, kwa kuwa pale ndipo njia ya Kilwa inapochepuka, na kila abiria wa Kusini amewahi kusimama pale. Suluhisho limetoka kwa mpiga ngoma mdogo: baada ya ubeti huu ngoma ziendelee peke yake, na sauti ya kondakta ivitaje vituo kwa kupaza, Somanga, Nangurukuru, Mingoyo, Mikindani, bila mizani yoyote, huku mwendo ukipanda kutoka mapigo 84 hadi 100. Sehemu hii sasa ndiyo inayopendwa zaidi na watoto wanaokuja kutazama mazoezi.

Novemba, katikati

Pendekezo moja limejadiliwa na kuwekwa akiba. Mpiga gitaa alitaka ubeti wa mifupa ya Tendaguru, kwa sababu wale wanyama wakubwa wa kale walichimbuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mifupa yao iko Berlin hadi leo. Ni wazo zuri, na siku moja tutalitungia. Hata hivyo mifupa ile haikuondoka yenyewe, na ikirudi itakuwa imerudishwa. Mtu wa wimbo wetu aliaga kwa miguu yake, na ni yeye anayepaswa kuulizwa.

Desemba, mwanzoni

Beti mbili za mwisho zimeandikwa. Ya nne ni ya kufika:

Mwembe niliouacha, umekatwa, pana duka,
Wadogo niliowacha, ndevu zimewafunika.

"Niliowacha" ni inkisari, yaani ufupisho, wa "niliowaacha", na mizani inaidai. Ubeti huu ulipingwa. Mama mmoja alisema aliyerudi asikute mabadiliko, kwa sababu wimbo ni wa furaha. Nimeushikilia kwa nguvu. Aliye ugenini huibeba nyumba ya mwaka aliouondokea, na anaporudi anaikosa nyumba ile hata akiwa amesimama mbele ya mlango wake. Hamu yake haiishi siku ya kufika. Hapo ndipo inapogeuka kuwa kazi ya kujifunza upya watu wake mwenyewe. Wimbo usiolisema hili unamdanganya msafiri, naye ataugundua uongo huo jioni ya kwanza.

Kisha ubeti wa tano, ambao ndio jibu lake:

Nipeni kapu nitoke, korosho zinadondoka,
Juani tuzianike, kabla ya mvua kufika.

Hasemi kwamba anakaa. Anaomba kapu. Angeweza kuapa, na niliandika beti kadhaa ambamo anaapa kwa kaburi la baba yake, lakini hakuna hata mmoja kati ya kina mama aliyemwamini. Walipousikia ubeti wa kapu, Bibi alicheka akasema, "Huyu sasa mpeni chakula."

Kilichobaki kubishaniwa ni kibwagizo baada ya ubeti huu. Vijana wanataka kibadilike kiwe cha kukaribisha, na wamekitunga wenyewe, kwa mizani safi kabisa:

Waja kukaa, karibu, mwanetu twakupokea!

Kinapendeza, na kikiimbwa mwili unasisimka. Siku mbili tatu nilikuwa upande wao. Nimerudi kwenye swali kwa sababu ya kalenda: ubeti wa tano unaimbwa korosho zikiwa bado chini, yaani kabla ya malipo. Aliyekuja kupita na aliyekuja kukaa wote wawili huomba kapu mwezi huu. Tofauti yao huonekana pepo za kaskazi zinapoisha, na wimbo wetu haufiki huko. Waitikiaji hawawezi kusema wasilolijua bado. Kibwagizo kitabaki swali, ila mara ya mwisho mwimbaji mwenyewe ataingia katika sauti za kina mama na kuliuliza pamoja nao, kwa kuwa kesho yake kuna basi jingine na mtu mwingine atashuka. Bibi ameafiki. Vijana wamekubali kwa sharti kwamba kibwagizo chao cha kukaribisha kiimbwe kwenye harusi, nami nimeridhia.

Desemba, mwishoni

Tumeuimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, uwanjani, wengi wao wakiwa wamerudi kwa mapumziko. Kwenye vituo vya kondakta walipaza sauti pamoja nasi, na wa Mingoyo walishangilia jina lao. Kwenye kibwagizo cha kwanza walicheka. Kwenye cha nne hawakucheka.

Baada ya kumaliza, kaka mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam alinifuata akasema wimbo ni mzuri ila swali linauma, na akaomba lipunguzwe mara moja au mbili. Nilimshukuru, na nimelifikiria ombi lake kwa heshima, kwa maana alisema kwa moyo mweupe. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza. Swali halitapunguzwa.

Januari, mwanzoni

Tumeanza kurekodi kwa simu, katika chumba ambacho kuta zake tumezifunika kwa mikeka na magodoro ili sauti isirudi. Gitaa na ngoma zimekamilika. Sauti ya mawimbi ya Shangani, hapa Mtwara, iliyopendekezwa kwa ajili ya mwanzo, tumeiacha, kwa sababu mawimbi yanasikika vilevile pwani zote. Badala yake tumerekodi kina mama wakibangua korosho: ule mgongano mkavu wa maganda, usiolingana sawasawa, ambao mtu wa Mtwara au Lindi akiusikia hahitaji kuambiwa yuko wapi. Umewekwa chini ya ngoma ndogo tangu ubeti wa nne hadi mwisho, kwa sauti ya chini, na mpiga ngoma amepunguza mapigo yake ili upate nafasi.

Bado sauti ya kondakta, ambayo tunataka iwe ya kondakta wa kweli. Tumeshazungumza na mmoja wa mabasi ya Mtwara, na anangoja siku yake ya mapumziko. Bado pia waitikiaji, ambao watarekodiwa wote kwa pamoja, wamesimama, asubuhi mapema kabla mashine ya kusaga ya jirani haijaanza kazi.